Birika la Gereji

Gereji ile ilikuwa na desturi yake: fundi mgeni ndiye anayepika chai, mpaka aajiriwe mwingine ampokee birika. Fundi breki, mwanamke pekee pale, alipoanza kazi alilipokea bila kinyongo. Akaajiriwa fundi rangi, kisha fundi umeme, wanaume wote wawili. Birika likaendelea kumganda fundi breki kama kupe.

Asubuhi moja akaliosha, akalitua juu ya meza ya fundi umeme, akaingia zake uvunguni mwa lori. Saa ya chai ikafika, mafundi wakabaki wanatazamana na vikombe vitupu.

"Dada, vipi leo, umetususia?" msimamizi aliuliza, akichungulia uvunguni.

"Muulize mgeni. Zamu ni yake."

"Aa, jamani! Wewe mwanamke bwana, una mkono wa chai."

Fundi breki akatoka taratibu, uso umejaa grisi, spana mkononi. "Bosi, breki za gari lako alifunga nani juzi?"

"Si wewe?"

"Kwa mkono huu huu. Ukawapakia watoto wako humo, hukuuliza kama ni mkono wa kike au wa kiume. Leo kwenye majani na sukari ndiyo umekumbuka?"

Msimamizi akajikuna kisogo. Fundi umeme, bila kuambiwa, akaliendea birika.

"Kaka," fundi breki alimwita, huku akirudi chini ya lori, "ya kwangu niletee huku huku. Nami nataka kujua chai ya kuletewa ina ladha gani."