Nilimtungia mwanangu mchungaji babu wa uongo, mama yangu akakataa kumbariki

Wakuu, salamu kutoka Mtito Andei, huku jua halina huruma na malori hayalali.

Nitasema ukweli mtupu, kwa sababu uongo ndio uliniingiza kwa hii shida.

Mimi niliishia darasa la nne. Mahali nimekosea kuandika, soma tu hivyo hivyo, utaelewa. Nilianza kwa kuziba pancha za malori kando ya barabara. Leo niko na duka la tairi na vyumba vya kulala wageni, na nimezoea kuambia watu hakuna mtu alinishika mkono.

Nimesomesha watoto wanne. Wa mwisho, Kioko, ni mchungaji wa Presbyterian.

Najua kuna mtu atauliza, Mkamba na Presbyterian wapi na wapi? Hilo kanisa lilikuwa nyuma ya mahali pangu pa pancha. Wakianza kuimba, unaacha pampu unaingia. Singetembea kilomita mbili kutafuta Mungu na yuko hapo nyuma ya ukuta.

Haya. Mwaka jana Kioko alimaliza masomo, siku ya kuwekewa mikono ikapangwa. Kamati ikampa fomu ya historia ya familia, iwekwe kwa program. Akaniletea dukani.

"Baba, hapa wanataka jina la babu na kazi yake."

Nikajibu haraka kama mtu ameulizwa bei ya tairi. "Munyao. Alikuwa wa reli hapo Makindu. Alikufa nikiwa mdogo."

Kioko akaandika. Akaongeza na "mcha Mungu". Sikumzuia.

Wakuu, hakukuwa na Munyao.

Wacha nieleze, na wale si Wakamba wasikize vizuri. Mama yangu aliolewa na mwanamke. Si mambo ya mapenzi, toa hiyo kwa kichwa. Kwetu Kitui, mwanamke akikosa mtoto na mume wake amekufa, alikuwa anaweza kulipa mahari aoe msichana. Huyo msichana anazaa watoto wa hiyo nyumba, jina lisipotee. Anaitwa iweto.

Aliyemwoa mama yangu alikuwa anaitwa Syokau. Boma ilikuwa yake, mbuzi zake, na sisi watoto wake. Mwanaume aliyetuzaa hakuna aliyemtaja, na hakuna aliyeuliza.

Syokau alikuwa mrefu, na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Nikiwa darasa la tatu nilipigana, mwalimu akanituma nirudi na baba. Syokau akafunga leso, akachukua fimbo, akaingia mpaka ofisini.

"Nimesema aje na baba," mwalimu akasema.

"Ndiye huyu. Sema."

Mwalimu akasema. Syokau akanichapa hapo hapo mbele yake. Akimaliza akamgeukia. "Na wale walimwambia baba yake anavaa rinda, baba zao wanakuja saa ngapi?"

Nilimpenda sana huyo mama. Lakini hayo maneno ya rinda nilikuja nayo mpaka Mtito Andei. Nikaamua huku nitakuwa na baba kama watu wengine. Madereva wakiuliza, Munyao. Watoto wangu wakiuliza, Munyao, na Syokau nikawaambia alikuwa mama ya huyo Munyao. Kwa mama yangu nilichunga mdomo. Ukidanganya miaka arobaini unaanza hata kumkumbuka mtu sura.

Sasa, wiki mbili kabla ya ile siku, tukaenda Kitui mama ambariki kijana. Kwetu huanzi kazi kubwa namna hiyo kabla mkubwa wa nyumba hajakutemea mate kidogo kifuani akasema maneno yake. Mama amezeeka lakini masikio yako sawa. Kioko akafungua program akaanza kumsomea kwa Kikamba.

Kufika kwa Munyao, mama akainua mkono.

"Huyo ni nani?"

"Ni babu, nyanya."

"Babu ya nani? Mimi sijawahi pikia mwanaume anaitwa Munyao."

Kioko akaniangalia. Mimi nikaangalia kuku.

"Mwaitu," nikamwambia mama, "hiyo ni ya program tu. Watu wa kanisa hawataelewa."

"Pampu yako ya kwanza ulinunuliwa na nani? Na Munyao?"

Hapo aliniweza. Syokau aliuza dume lake la pekee la ng'ombe, mwaka wa kiangazi, ndio nipate pampu na vyuma vya kutolea tairi. Mtu aliyenishika mkono alikuwako, tena mkono wenyewe ulikuwa mgumu kama gome.

Mama akachukua fimbo akasimama. "Mimi sibariki mtoto wa Munyao. Mtu simjui nitambariki aje? Na huko kanisani siendi. Mkimalizana na huyo mwanaume wenu mtanipata hapa." Akaingia ndani.

Kurudi, tukafika karibu na Kibwezi. Ndio Kioko akasema, "Baba, huyo Munyao nimemhubiri mara tatu."

"Basi mara ya nne umzike," nikamwambia.

Hakutaka kucheka. Lakini alicheka, na mimi nikapata nguvu ya kumweleza yote, tangu ile siku ya rinda.

Kioko alirudisha program kwa kamati na kuandika upya. Mzee mmoja wa kanisa akashika kichwa.

"Mchungaji, mwanamke ameoa mwanamke? Tukichapisha hii watu watasikia nini? Andika tu 'marehemu babu' tuendelee, ama tusongeshe siku tuulize wakubwa."

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Nikasimama. "Mzee, aliyedanganya ni mimi. Kijana amewaletea ukweli. Mkitaka kusongesha siku, songesheni, lakini Munyao harudi."

Halafu mama mmoja wa kamati, Mkamba wa rika langu, akaanza kucheka. "Hata shangazi yangu alikuwa na iweto. Nusu ya hii kanisa ni watoto wa hizo nyumba. Mnashangaa nini?"

Siku haikusongeshwa.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Mama, aliposikia Munyao ametolewa, alikuja na gauni jipya, akakaa mbele kabisa. MC alikuwa mgeni, hakuwa amesoma program vizuri. Akaita familia kwa zamu. "Sasa upande wa babu wasimame!"

Mama akasimama na fimbo yake, peke yake.

MC akainama kwa heshima. "Mama, nimesema upande wa babu."

"Upande ndio huu," mama akasema. "Endelea."

Wakuu, mimi si mtu wa kulia. Nilijifanya natafuta kitu chini ya kiti.

Kioko akasomewa: mwana wa nyumba ya Syokau, wa Kitui. Wachungaji wakamwekea mikono. Kutoka nje, mama akamvuta kando ya mlango, akamtemea mate kifuani, chini kidogo ya ile kola nyeupe, akasema maneno yake. Watu wakaangalia kando. Kioko hakujipangusa mpaka jioni.

Nilichojifunza ni hiki: mimi niliona haya kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kuona haya kwa ajili yangu, hata mbele ya mwalimu. Na nikiwaambia tena hapa kwamba nilijitengeneza mwenyewe, nikumbusheni lile dume.

Kama kuna mtu mlimruka kwa program ya harusi ama ya mazishi, mtajeni hapa chini kwa jina lake kamili. Matusi pia leteni, nimekomaa.

Mimi naanza: Syokau.