Kompyuta Ndogo na Kitambaa cha Mwalimu Agnetha

Saa kumi na moja alfajiri, skrubu inadondoka kwenye sahani ya bati. Ti. Kimya kidogo, kisha nyingine. Chumba cha pili, mama mzazi anajua bila kuuliza kwamba binti yake, Paskazia Mageni, ameshaamka.

Paskazia (33), fundi kompyuta wa Kalangalala mjini Geita, anaunda kompyuta ndani ya kasha lisilozidi dumu la lita tano. Skrubu huziweka kwenye bati ili kila moja aisikie ikitua. Moja tu ikipotelea humo ndani, inaweza kuunguza kila kitu.

"Kasha kubwa linasamehe," anasema, akilaza nyaya kwa kidole. "Hili ukitanguliza pawasaplai, kile kisanduku cha umeme, kabla ya nyaya, unafungua vyote na kuanza upya. Ni kama kumvalisha mtoto mchanga. Haraka haifai."

Kwa mwezi huunda mbili au tatu, na kubakiwa na faida ya kama shilingi laki tatu. Zamani alikaa hata miezi miwili bila mteja, maana wengi walitaka kompyuta kubwa ya kujaza meza.

Wa kwanza kumwamini alikuwa Mwalimu Agnetha Boaz (67), mstaafu anayechapa barua na mitihani ya shule katika kichumba chake huko Segese. Printa ilikuwa imemaliza meza yote, ndiyo maana akaagiza kompyuta ndogo. Majirani walicheka: kadogo vile kataweza nini?

Wiki ya pili simu ikaita. Kompyuta ilikuwa inazimika kila baada ya nusu saa, na mitihani ya darasa la saba ilitakiwa Jumatatu. Paskazia alijua kwamba hiyo ikishindwa, Segese hakuna atakayemwita fundi tena. Jumamosi akapanda gari la kwanza.

Alipofika akaamkia, akaitikiwa, akawekewa matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa kabla ya kuulizwa lolote. Ndipo akaiona. Kompyuta ilikuwa imefunikwa gubigubi kwa kitambaa cheupe cha kufuma, kizito, kama redio ya sebuleni.

"Nimekifuma siku tisa," Mwalimu akamwambia, akimwita mayo, yaani mama kwa Kisukuma. "Vumbi la malori hapa, mayo, utaliweza?"

Paskazia hakutaka kumwaibisha. Aliuchukua mkono wa Mwalimu taratibu, akaupitisha chini ya kitambaa na kuuweka juu ya kasha. Lilikuwa la moto.

"Inapumulia hapo, Mwalimu."

Mwalimu alicheka mpaka akajifuta machozi. "Kumbe mimi namziba pua, halafu namwita daktari."

Kitambaa kilitandikwa chini ya kompyuta, na Jumapili mchana mitihani yote ikawa imetoka.

Anachokikumbuka zaidi Paskazia ni kilichofuata. Mwalimu angeweza kunyamaza. Badala yake alimweleza kila aliyeingia kuchapa barua kwamba fundi hana kosa, kosa ni la bibi na uzi wake. Tangu hapo Segese pekee imeagiza kompyuta sita.

Hii ya leo inakwenda Mhunze. Pembeni kipo kitambaa kipya cha Mwalimu, kimeachiwa tundu pana katikati la kupitisha hewa. Sasa kila kompyuta inaondoka na chake, na Paskazia anatafuta fremu ya duka Segese ili wafanye kazi mlango kwa mlango.

Kunakucha, simu inaita. Ni Mwalimu, anataka kujua kama kitambaa kimeenea. Kimeenea, anajibiwa, naye je, kompyuta yake inasumbua?

"Haina neno," sauti inasema. "Lakini usingoje iharibike ndipo uje, mayo. Njoo tu."