Kioo cha Chumba cha Wanawake

Siku ile hainitoki, mwanangu, ingawa leo mvi zimenijaa. Nilikuwa nimetoka chuoni na kemia yangu kichwani, nafunga vioo Ukunda pamoja na Mzee Hamisi, fundi wa Msambweni ambaye kemia hakuijua hata chembe.

Zahanati moja ya watu binafsi ilitaka kioo cha umeme kwenye chumba cha kupimia wanawake. Kioo hicho hubandikwa utando wa plastiki wenye vitone vya fuwele kioevu, kimiminika ambacho molekuli zake hujipanga kama za fuwele. Umeme ukizimwa, molekuli zinalala ovyo, mwanga unatawanyika na kioo kinakuwa cheupe, hakionyeshi ndani. Ukiwashwa zinajipanga, kioo kinakuwa wazi. Nilikuwa na tando mbili za kuchagua. Wa kwanza molekuli zake zilikuwa ndefu na ngumu, zinataka umeme mwingi na zinageuka polepole. Wa pili zilikuwa fupi, ukigusa swichi tu zimeitika. Nikaupenda huo.

"Uweke juani kutwa nzima kwanza," akasema Mzee Hamisi. "Mimi kitu kipya nakianika juu ya bati, nikione."

"Mzee, hiki si kitu cha kuanika. Nimekijaribu dukani."

Duka letu lilikuwa na kiyoyozi. Akarudi kwenye kazi yake, nami nikadhani nimemshinda.

Tulikuwa na jirani Kinondo, Bi Mwanasha, mwenye uvimbe kwenye titi. Kwa haya, alikuwa akikataa kupimwa miezi mingi. Nikamwendea mwenyewe. "Shikamoo, mama. Kioo nimekifunga kwa mikono yangu. Hata umeme ukipotea, hakuna atakayekuona."

Akaenda alasiri. Dirisha lile linatazama magharibi, na nje yake ndiko kwenye benchi la wagonjwa. Jua lilikuwa limekipiga kioo muda mrefu. Molekuli zile fupi hazikustahimili joto, vile vitone vikageuka kimiminika cha kawaida kisichotawanya mwanga, kioo kikawa wazi ingawa swichi imezimwa. Bi Mwanasha aliinua uso, kifua wazi, akakutana na macho ya wanaume watano, mmoja wao shemeji yake.

Alijifunika akatoka. Hakukanyaga tena zahanati wala hospitali yoyote mpaka uvimbe ulipopasuka, na daktari akasema amechelewa. Nilikwenda kumwomba radhi.

"Nimekusamehe, mwanangu," akaniambia. "Lakini mimi nilikuamini wewe, sikukiamini kioo."

Tulimzika kabla ya Ramadhani. Najichukia mpaka leo, na sioni sababu ya kulificha.

Basi wewe unayenisoma, elimu yako isikuzibe masikio. Aliyekuzidi miaka huenda hajui jina la kitu ulichokileta, lakini jua la huku analijua. Na kabla hujamwambia mtu akuamini, jiulize yeye ataumia vipi ukikosea. Usijiulize utakavyoumia wewe, maana wewe utabaki hai. Mola akupe mikono mizuri, akutilie na woga kidogo ndani yake, na asikuonyeshe kaburi lililochimbwa kwa kiburi chako. Amina.