Weupe wa Shinani

Msije mkasema Kitana alifungiwa. Mlango wa nyumba ile ulikuwa wazi kutwa, na mwenyewe ana miguu miwili mizima. Jina hilo alibandikwa na majirani kwa sababu hawakuwahi kumwona bila kitana mkononi. Alikuja kwa shangazi yake akiwa msichana, amsaidie kuchana paka siku mbili tatu, na siku mbili tatu hizo zikamtia mvi.

Paka wenyewe walikuwa wa Kiajemi, wale wenye sura bapa kama waliogonga mlango. Shangazi alikuwa na jike la fedha: manyoya meupe pe, ncha tu ndizo zimeguswa na weusi, akipita anameta. Lakini roho yake yote ilikuwa kwa paka wa moshi. Huyo ni kinyume: ukimtazama ni mweusi ti, ukimpuliza manyoya yakafunguka, shinani unakuta weupe. Aliwahi kuwa naye mmoja, akafa, na hakupata tena mwingine. Kwa kuwa jua huyafubaza manyoya meusi yakawa rangi ya kutu, chumba cha paka kiliwekwa mapazia mazito tangu enzi hizo, ili siku akizaliwa mwingine akute kivuli. Paka hawakuliona jua. Kitana naye hakuliona.

Mapazia hayo ndiyo yaliyomleta fundi. Yalipochakaa, alikuja kupima madirisha, akarudi kupima tena, mara ya tatu akaja hata futi hana. Paka wenyewe walielewa! Sasa alikuwa amepata kazi mji mwingine, na alitaka kwenda na mke.

Shangazi hakukataa. Afadhali angekataa, wangegombana yakaisha. Yeye alilia. Macho yake yalishaingia ukungu. Vitu vikubwa aliviona, vidogo ndivyo vilivyomshinda.

"Mwanangu," alisema, "jike letu limezeeka, huu ni uzao wake wa mwisho. Akitoka wa moshi, nani atamlea kama si wewe? Asipotoka, basi, paka nawagawa wote, nawe uende na baraka zangu."

Akazaliwa mmoja tu, mweusi. Na mtoto wa moshi akizaliwa hana tofauti na mweusi wa kawaida, mpaka wiki kadhaa zipite ndipo shina lijioneshe. Ikabidi wasubiri. Kila jioni fundi alisimama kizingitini akamwambia yule paka, "Shemeji, usiniangushe. Baki hivyo hivyo." Kitana alicheka mpaka akajiziba mdomo.

Asubuhi moja alimpakata mtoto, akampuliza nyuma ya sikio. Weupe. Akapuliza shingoni, akapuliza ubavuni. Weupe mtupu! Moyo ukamruka kwa furaha kabla hajakumbuka kwamba furaha hiyo si yake. 

"Nani mwingine kaona?" fundi aliuliza alipoambiwa.

"Hakuna."

"Basi neno lako ni moja: mweusi. Shangazi haoni, paka hasemi."

"Nitasema mweusi," Kitana alijibu, na alikuwa na nia kabisa. Nguo alishafungasha.

Siku ya siku ikafika. Shangazi alimchukua paka mwenyewe mpaka dirishani, akafungua pazia, akampuliza, akakaza macho hadi yakatoa machozi. Fundi kasimama, kofia mkononi.

"Mweusi," shangazi akasema. Loo! Kitana hakulazimika hata kudanganya. "Mwenye duka la nafaka anataka paka wa kukamata panya. Apewe huyu. Hana maana yoyote."

Hana maana? Miaka yote ile ya kiza na vumbi la manyoya, kitu kimoja kizuri kilichotoka mikononi mwake ndicho hicho, na leo ni cha kukamata panya! Kitana akafungua mdomo. Alimwona fundi akimtikisia kichwa, akimsihi.

"Umempuliza juu juu, Shangazi," alijisikia akisema. "Shinani ni mweupe. Mweupe pe."

Shangazi akaupapasa mkono wake, akaushika kwa nguvu. "Nilijua," akasema huku analia. "Nilijua mwanangu hutaniacha."

Fundi alivaa kofia, akasimama kidogo kama mtu aliyesahau jambo, kisha akashuka ngazi. Kitana alitaka kumwita, akasogea dirishani, akamwona akivuka barabara kwenye mwanga, anaharakisha.

"Mwanangu, hilo jua," shangazi akasema nyuma yake. "Atafubaa."

Kitana akavuta pazia. Fundi alikuwa amelishona vizuri, halikuacha hata upenyo.