Lori Lililofeli London

Walisema sitaweza kumiliki hata baiskeli yenye breki mbili. Niliyasikia kwa masikio yangu, nyumbani Kabungu, siku ninaaga kwenda Uingereza. Jirani yetu mmoja, mfugaji kama sisi, alisema mbele ya mama yangu, "Huyu atarudi na koti zito na kikohozi." Mwingine akaongeza kwamba stashahada ya ufundi magari niliyoipata Mbeya itanifaa kufuta vioo vya magari ya wenye magari. Watu wakacheka sana. Mama yangu hakucheka. Aliendelea kupepeta mahindi, lakini alipepeta kwa nguvu mno hata pumba zikamrukia yule jirani usoni.

Koti niliwaachia huko huko. Nilirudi na lori. Tena si la kuvutwa: nililiendesha mwenyewe kutoka bandarini Dar es Salaam hadi Mpanda, siku tatu barabarani, na nilipofika mzunguko wa mjini nilizunguka mara mbili zaidi ya inavyotakiwa ili kila mtu apate nafasi ya kuangalia. Sioni aibu kulisema hilo. Mtu aliyetoa jasho ana haki ya kuonekana.

Namna nilivyolipata ni hivi. Pembeni mwa London nilifanya kazi kwenye yadi ya malori. Mwaka wa kwanza nilikuwa naosha. Mwaka wa pili waligundua kwamba mwoshaji wao anajua kufungua injini na kuifunga bila kubakiza nati mfukoni, wakanipa spana. Sasa, Ulaya magari ya dizeli yanapangwa kwa madaraja kulingana na moshi wake: Euro nne, Euro tano, Euro sita, na namba inavyopanda ndivyo moshi unavyotakiwa kuwa safi. Wajerumani walikuwa na stika zao za kubandika kwenye kioo, na mitaa mingine dizeli ya zamani haikanyagi kabisa. Wafaransa nao stika, za rangi rangi. London wao waliweka kamera. Kamera inasoma namba za lori, na kama halijafika Euro sita, kuingia mjini kwa siku moja ni malipo yanayomeza faida yote ya siku hiyo na bado yanalamba vidole. Hakuna askari wa kumwambia "mkubwa, nisaidie". Kamera haina shida na chai.

Kwa hiyo yadi yetu ikajaa malori mazima, yanayong'aa, yasiyo na kazi. Moja kati ya hayo nililihudumia mwenyewe miaka miwili. Nilimuuliza bosi wangu, mzee mwenye mashavu mekundu, lori hili limekosa nini.

"Halijakosa kitu," alisema. "Limezaliwa mapema."

Nilimpigia mjomba simu, nikamweleza kwa lugha ya nyumbani. "Mjomba, lori limeishia darasa la tano, na mji wa watu unataka darasa la sita."

"Basi lilete huku," alisema. "Huku hata sisi wenyewe hatukufika la tano."

Fedha za kulinunua zilikuwa zangu, kila senti. Lakini meli na ushuru vilinizidi kimo, na hapo ndipo nilipokopa, kwa watu watatu. Mjomba aliuza mitamba minne. Dada yangu, aliyeolewa Mishamo, alitoa magunia kumi na mawili ya maharage. Wa tatu alikuwa mwalimu wangu wa zamani wa kemia, mstaafu anayeishi Mpanda mjini, ambaye alinipa sehemu ya kiinua mgongo chake. Mjomba na dada walisema nitarudisha kama nilivyopokea, mtamba kwa mtamba na gunia kwa gunia. Mwalimu alitaka fedha yake irudi, pamoja na jambo moja zaidi.

"Moshi walioukataa wao," alisema, "unatuletea sisi tuuvute?"

Ni swali zuri, na wengi wenye malori hawapendi kuulizwa. Nilimjibu kwamba lori langu lina tangi dogo la pili, lenye kifuniko cha bluu, linalowekwa maji ya urea yaliyotengenezwa kiwandani. Maji hayo yanapuliziwa ndani ya bomba la moshi na kuua sehemu kubwa ya ile gesi yenye sumu. Alinielewa kabla sijamaliza. Kemia ilikuwa yake. "Basi usiuondoe mfumo huo," alisema. "Ukiuondoa tu, fedha yangu nirudishie siku hiyo hiyo." Tukapeana mikono.

Mafundi wa Mpanda walinicheka. "Kata hilo bomba, funga hilo tangi, kompyuta idanganye," walisema. "Huku hakuna kamera, bro." Nilikataa. Mimi si fundi wa kudanganya. Nilikuwa na madumu ya maji yale niliyoyanunua Dar, na nilijua yakipungua nitaagiza mengine kwa basi.

Kazi ya kwanza kubwa ilikuja wakati wa mavuno. Mfanyabiashara mmoja alitaka mahindi yatoke Mishamo hadi bandari ya Karema, yapakiwe kwenye boti na kuvuka ziwa kwenda Kongo. Alinieleza waziwazi: mzigo ukiwahi boti ya kesho yake saa sita mchana, kazi ya msimu mzima ni yangu. Ukichelewa, anampa mtu mwingine, na mimi nitafute mteja wa lori. Nilijua maana yake. Bila kazi ya msimu ule, lori lingeuzwa ili mitamba ya mjomba irudi.

Utingo wangu alikuwa shemeji, mume wa dada. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye amezaliwa Mishamo, na katika kulima mahindi sijaona wa kushindana naye. Ni mtu mwema kupita kiasi. Wema huo ndio uliotaka kunimaliza.

Tuliondoka Mishamo asubuhi, turubai limekazwa, magunia yamejaa. Tulifika mlima ulio kabla ya kuteremkia ziwani, na lori likaanza kuchoka. Taa ya njano iliyokuwa imewaka tangu asubuhi, ambayo nilidhani ni vumbi kwenye kihisio cha moshi, ikaanza kupepesa. Nikakanyaga mafuta. Likanguruma, likapanda kwa mwendo wa ng'ombe mwenye mimba, likagoma. Nikaweka mawe nyuma ya matairi.

Nilipochomeka kompyuta yangu ya kupimia injini, ikaniambia maji ya urea hayafai. Hivyo ndivyo malori hayo yalivyoundwa: ukiyachafulia moshi, yanajipunguzia nguvu yenyewe, kama adhabu. Nikafungua kifuniko cha bluu, nikachovya kidole. Kilitoka na chengachenga nyeupe.

"Shemeji," nilisema, "kuna mtu ameweka kitu humu?"

Alinyoosha mgongo. Kisha akasema, kwa fahari kabisa, "Ni mimi, shemeji. Juzi ulipokwenda mjini niliona taa inasema imepungua. Nikaona nisikusumbue. Nikakoroga nusu mfuko."

"Nusu mfuko wa nini?"

"Wa urea. Ile ya kukuzia. Si ulisema mwenyewe linakula urea?"

Nilikaa chini kwenye nyasi. Ndiyo, nilisema. Niliwaambia wote nyumbani, kwa kujivuna, kwamba lori langu linakula urea, na katika mkoa wetu urea ni kitu kimoja tu: mbolea ya mahindi yakifika magotini. Sikueleza zaidi. Mwenye stashahada alikuwa mimi, kwa hiyo kosa lilikuwa langu kabla ya kuwa lake.

"Ningejua," alisema shemeji, "ningeweka mfuko mzima. Kumbe nusu ndiyo imelinyima nguvu."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikaacha kucheka, maana jua lilikuwa limeshapita utosini, na boti ingeondoka kesho mchana.

Jambo moja nililijua vizuri: chenga za urea zinayeyuka kwenye maji ya moto. Umbali mfupi kutoka barabarani palikuwa na boma la Wasukuma wenzetu. Nilikwenda, nikasalimia kwa Kisukuma, na mama mwenye boma aliposikia natoka Kabungu tayari tulikuwa ndugu. Nikaomba maji yanayochemka, mengi.

"Ya nini, mwanangu?"

"Ya lori, mayu," nilimjibu, kama tunavyowaita mama zetu.

Aliwaita wakwe zake wawili. Waliwasha mafiga mawili, wakabandika masufuria ya ugali wa shughuli. Mimi na shemeji tulifungua nozeli inayopulizia maji yale kwenye bomba la moshi. Ilikuwa imeziba, nyeupe kama jino. Tukailoweka. Tukalifunga bomba lake vitambaa vilivyochovywa maji ya moto, tukabadilisha vikipoa. Wale wakwe walikuja na ndoo, wakasimama wakatazama.

"Mayu, njoo uone!" mmoja aliita. "Kumbe lori nalo limejifungua! Linakandwa!"

"Limezaa nini?" aliuliza mama kutoka bomani.

"Limezaa mbolea!"

Walicheka hadi ndoo zikamwagika. Mama mwenyewe alikuja, akachukua kitambaa mikononi mwangu, akakikamua na kukiweka vizuri zaidi yangu. "Mzazi hakandwi hivyo," alisema. "Unabonyeza, unaacha moto ushike. Nyie wanaume mngetuua."

Maji yaliyokuwa ndani ya tangi tuliyatoa yote kwenye ndoo. Mama aliyaomba. Nilimwambia ayazimue sana, vinginevyo yataunguza mimea, na shemeji akamweleza vipimo, kopo moja kwa ndoo tatu, akiwa na uso wa mtu aliyerudishiwa heshima yake. Tangi nililisuuza kwa katoni nzima ya maji ya kunywa tuliyoyanunua kwa safari, kisha kwa kiasi kidogo cha maji yangu halali ya Dar, kutoka kwenye madumu niliyobeba nyuma ya kiti, kisha nikalijaza. Nikarudisha nozeli. Nikafuta makosa kwenye kompyuta. Shemeji akaondoka mbele ya lori na kusimama mbali, mikono kichwani.

Niliwasha. Taa ya njano ilibaki, ikabaki, ikazimika. Nikakanyaga. Lori lile lililofeli London lilipanda mlima wa Karema likiwa na magunia yote, na wanawake watatu wakipiga vigelegele nyuma yake.

Kesho yake asubuhi tuliingia bandarini boti ikiwa bado inapakia. Mfanyabiashara alitazama saa yake, akatutazama sisi tulivyotapakaa chenga nyeupe, akauliza kama tumebeba mahindi au unga. Kazi ya msimu ikawa yangu, na ya msimu uliofuata.

Ndipo ikaja siku ninayoipenda kuliko zote. Nilichagua Jumamosi. Nilianza kwa mwalimu, Mpanda mjini, na bahasha. Hakuigusa. Alitoa kitambaa chake cheupe, akakishikilia mwisho wa bomba la moshi huku nikiliungurumisha lori, akakitazama. Nikamwambia kitambaa kinashika masizi tu, ile gesi haionekani, nikamfungulia kompyuta nikamwonyesha mstari wake unavyoshuka mfumo ukianza kupulizia. Alivaa miwani. Aliutazama ule mstari muda mrefu, akauliza maswali mawili magumu, nikayajibu yote mawili. Ndipo akapokea bahasha, akasema, "Ulikuwa unapata alama za katikati. Sijui nilikosea wapi kusahihisha."

Kwa mjomba nilishusha mitamba minne kutoka kwenye lori. Aliwafungua midomo, akawahesabu meno, akawapapasa matumbo. "Wawili wana mimba," alisema.

"Najua."

"Basi umeleta sita."

Mishamo tulifika jua likielekea kulala. Dada alikuwa mlangoni. Shemeji alibeba magunia kumi na mawili ya maharage, moja moja, akiyahesabu kwa sauti kubwa na kumtaka mke wake ashuhudie, kana kwamba si yeye aliyeyapakia asubuhi. La mwisho alilitua, akajifuta jasho, akamwambia dada, "Andika: kaka yako hadaiwi." Dada hakuwa na kalamu. Alichukua kipande cha mkaa, akaandika ukutani, kwa herufi kubwa.