Wassila, mwandishi wa kila “ehe” ya watu wa Sfax

Saa mbili asubuhi, mjini Sfax, Tunisia, Wassila Trabelsi anavaa vipokea sauti na kurudisha rekodi nyuma. Wanaume wawili wanabishana masikioni mwake.

“Ukifika kisimani, kata kushoto.”

“Kisima gani? Kwangu hakuna kisima, bwana!”

“Ehe! Basi hapo una nini?”

Wasemaji hao waliketi wakipeana mgongo, kila mmoja na ramani yake, na ramani hazikufanana. Mmoja alipaswa kumfikisha mwenzake mwisho wa njia kwa maneno tu.

Wassila huandika kila neno, kila “ehe”, kila kimya. Kwa maandishi hayo, watafiti wa chuo kikuu wanaunda programu ya kompyuta inayoiga jinsi watu wawili wanavyosaidiana kuelewana.

“Mwanzoni niliona vichekesho,” anasema mama huyu wa miaka hamsini na mmoja, aliyewahi kuwa karani wa kiwanda cha mafuta ya zeituni. “Kumbe hakuna anayesonga mbele kabla mwenzake hajaitikia.”

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mwaka jana mumewe Hedi, seremala, alipatwa na kiharusi kilichomwachia maneno mawili: “la” na “yule”. Wassila alikuwa akimkisia na kumjibia. Hedi alipiga meza kwa hasira, kisha akalia.

Mchana mmoja wakila kuskusi, Hedi akaanza: “Yule! Yule!”

Wassila akampa maji. “La!” Akafunga dirisha. “La!”

“Nikaweka kijiko chini,” anakumbuka Wassila. “Nikajiambia, we mama, acha pupa, uliza kidogo kidogo. Ni mtu? Akaitikia kwa kichwa. Ndugu yetu? La. Wa mtaani hapa? Macho yakamng’aa.”

Alikuwa Mongi kinyozi, mwenzake wa karata, asiyekanyaga hapo tangu ugonjwa uingie. Wassila alimfuata dukani kwake.

“Niongee naye nini, dada, na hawezi kunijibu?” Mongi alisema, akikwepa macho yake.

“Uliza, halafu subiri. Atakujibu.”

Siku hizi Mongi huja kila Ijumaa. “Umeiba karata, mzee!” humchokoza. “La!” hufoka Hedi, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Sasa Wassila amewaomba watafiti wawarekodi wawili hao, nao wamekubali. Hedi mwenyewe aliulizwa mara mbili, na mara zote mbili akaitikia.

“Rekodi zetu zote ni za watu wenye maneno tele,” anasema Wassila. “Nataka hiyo programu imsikie na mume wangu. Ijifunze kusubiri.”