Mkeka wa Bibi Hadija

Enzi zetu pale Temeke, kuangalia televisheni kulianzia bombani. Televisheni ya maana mtaani ilikuwa ya Bibi Hadija, mjane aliyeuza mkate wa kumimina, na sharti lake lilijulikana: mkeka wake haukanyagwi kwa miguu ya vumbi. Jioni ungetukuta uani kwake tumepanga foleni, tunasugua visigino kwa jiwe kama maharusi. Aliyenawa juujuu alirudishwa. "Wewe mtoto, ukoko huo unampelekea nani?" Basi unarudi bombani wenzako wanakucheka, na huko ndani tamthilia imeshaanza. Ikikupita, imekupita.

Sebule ilinukia iliki na udi. Televisheni ilifunikwa kitambaa cha kufuma, na aliyekifunua ni Bibi mwenyewe. Picha ikileta chenga, mmoja wetu alitumwa nje kuzungusha mlingoti wa antena, sie tukipiga kelele dirishani, "Hapo hapo, usiguse!" Akiachia tu, chenga zinarudi. Wapo walioshika mlingoti tangu mwanzo wa tamthilia hadi mwisho, wakisimuliwa kupitia nondo za dirisha.

Lakini raha yenyewe ilikuwa Bibi. Mtangazaji wa habari akitokea, alivuta kanga akajifunika kichwa, maana mwanaume kaingia. Mtangazaji akisema habari za jioni, Bibi anaitikia, "Nzuri baba, za huko?" Halafu anasubiri. Mwenzake anaendelea na mambo yake, sie mbavu hatuna, na Bibi anakasirika kwelikweli. "Kijana mtanashati hivi, lakini hajafunzwa. Mtu akikuuliza hali, unamjibu." Mama yangu, aliyekuwa akija kuangalia nasi, alitukanya tusimcheke mtu mzima, kisha naye anageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Idi iliyopita nilikwenda kumwamkia. Barazani niliwapita watoto wa mtaa, kila mmoja na simu yake, kila mmoja anachekea lake. Vijana wa sasa wanaangalia video wamelala na viatu, na wasipopendezwa wanaisukuma kwa kidole, inakuja nyingine. Nawaonea wivu, siwezi kusema uongo. Ndani, mkeka ulikuwepo, kitambaa kilikuwepo, watu hawakuwepo. Nikakaa mkekani bila kunawa, kwa mazoea ya ukubwani, na Bibi hakusema kitu. Hilo liliniuma kuliko kama angenifukuza.

"Nyumba imepoa, mwanangu," akaniambia. "Siku hizi kila mtu ana televisheni yake mfukoni. Nani aje kwangu?"

Mara akaingia mjukuu wake Salma, ambaye huwa anawarushia watu mtandaoni video za bibi yake akipika. Siku hiyo alitaka kumrusha mubashara kwa mara ya kwanza. "Bibi, wasalimie tu, mambo ya mkate baadaye," akasema, akisimamisha simu juu ya stuli.

Bibi akavuta kanga kichwani. Kicheko cha utotoni kikanipanda kooni, nikakimeza. "Hamjambo wanangu," akasema. Kisha akasubiri, vilevile alivyokuwa akimsubiri yule mtangazaji.

Wakaitikia. Maneno yakaanza kupanda kwenye kioo, Salma akiyasoma mbio mbio: shikamoo Bibi, niko Mtwara; shikamoo Bibi, mie wa hapo Buguruni; shikamoo Bibi, unanikumbusha nyanya yangu. "Marahaba," anajibu. "Marahaba, baba. Marahaba, mama." Akafuta macho kwa pindo la kanga. Nilifurahi hadi nikaona haya.

"Wako wengi?" akamuuliza Salma.

"Wengi, Bibi. Sebule haiwatoshi."

Bibi akainama mpaka uso wake ukajaa kwenye simu, na ule ukali wa zamani ukarudi wote.

"Na wote hao wamenawa miguu?"

Kisha akageuka, akaitazama ya kwangu. Nikanyanyuka bila kubisha, nikaenda bombani. Safari hii foleni haikuwepo.